Mungu Alipofunga Njia ya Mti wa Uzima

Andiko: Mwanzo 3:22–24. Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili.

 

Ndugu na dada, ujumbe wa leo nimeuogopa wiki tatu nzima. Nimeuahirisha mara mbili. Mara ya kwanza nikahubiri juu ya zaka, mara ya pili nikamwachia mwinjilisti zamu. Lakini Roho hajaniachilia, kwa hivyo leo nitausema. Naomba tu wazee wa kanisa wasinishushe madhabahuni kabla sijamaliza. Mko na mimi? Haya. Leo nitazungumza juu ya kitabu cha katuni cha mnyonya damu.

Naona wamama wa viti vya mbele wanaangaliana. Tulieni, tutafika kwenye Biblia. Lakini njia yangu ya kufika huko mwaka huu imepita mahali pabaya, na siwezi kuwadanganya kwamba nilipita pengine.

Wale mliokuwa hapa miaka mitano iliyopita mnakumbuka lile kesha la vijana, tulipowasha moto nyuma ya kanisa. Tulisema kila mtu alete kitu cha giza alicho nacho nyumbani. Zikaletwa sidii za miziki, fulana zenye mafuvu, hata hirizi mbili. Zile hirizi, kusema kweli, mpaka leo nashukuru kwamba ziliungua. Na mimi kama mchungaji nikaona nitangulie kwa mfano. Nikaleta vitabu vitatu nilivyovitoa chini ya godoro la mwanangu wa pili. Juu yake kulikuwa na mwanamume mrefu wa koti jekundu na kofia pana, meno kama ya mbwa, bastola mkononi, na glavu nyeupe zenye nyota ndani ya duara. Nani angehitaji kusoma zaidi?

Kijana alikuwa na miaka 16. Alisimama ng'ambo ya moto, wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, hujasoma hata ukurasa mmoja." Nikamjibu kwamba sihitaji kuonja sumu ndiyo nijue ni sumu. Mkapiga makofi. Mlipiga makofi, nakumbuka, na mimi nilifurahia yale makofi. Baada ya mwezi mmoja kijana akaacha kuja kanisani, na nyinyi kwa upendo wenu mkaniambia ni ule ujana tu, utapita.

Basi Pasaka ya mwaka huu alikuja nyumbani kutoka Nairobi anakofanya kazi. Jumamosi usiku stima ikapotea mtaa mzima. Tukatoa viti, tukakaa nje barazani, mimi na yeye, giza totoro. Giza nalo lina msaada wake, kwa maana mtu anaweza kuuliza kitu bila kuonekana uso. Nikamwuliza, "Mwanangu, kile kitabu nilichokichoma kilikuwa kinasema nini?"

Akanyamaza kitambo. Halafu akaanza kunisimulia. Stima ilirudi saa nne hivi na hatukuingia ndani. Usiku wa pili akaendelea, na aliporudi Nairobi akanitumia kwenye simu, vitabu vyote 10. Nimevisoma kwa miwani yangu hii, nikiwa nimefunga mlango wa ofisi kama mwizi.

Kinaitwa Hellsing. Aliyekichora ni Mjapani, Kouta Hirano. Kilianza kutoka kidogo kidogo katika jarida moja la kwao mwaka 1997, kikaisha 2008. Hadithi yenyewe imewekwa Uingereza, na mzizi wake ni kitabu cha zamani zaidi, Dracula, cha Muairishi Bram Stoker, cha mwaka 1897. Katika kile cha Stoker kuna daktari mzee, Van Helsing, anayewinda mnyonya damu pamoja na wenzake mpaka wanamuua. Na mwandishi anaeleza kwamba dakika ile ya mwisho, kabla hajageuka mavumbi, uso wa yule mnyama ulionekana kuwa na amani. Shikeni hilo la amani, nitalirudia.

Sasa huyu Mjapani anauliza, je, kama hawakumuua? Kama walimshinda, wakamfunga, wakamfanya mtumwa wa ile familia? Ndipo anapotokea huyu wa koti jekundu. Anaitwa Alucard. Lisome jina hilo kutoka nyuma. Umeliona? Ni yuleyule. Miaka 100 baadaye anatumwa usiku na mwanamke anayeitwa Integra, mkuu wa ile familia, kwenda kuwaua wanyonya damu wengine na wafu wanaotembea. Ni mfu anayewinda wafu. Ukimpiga risasi kichwani, kichwa kinarudi. Ukimkata vipande, vipande vinakusanyika. Hafi.

Na hapa niseme wazi kabla mzazi yeyote hajaenda kununua: hiki si kitabu cha watoto. Kina umwagaji wa damu kupita kiasi, kina matusi na machafu mengine. Mapadri wameonyeshwa kama wauaji, na ndugu zetu Wakatoliki wakilalamika nitakaa upande wao. Sikuja kukitangaza. Nimekuja kuwaambia kilichonipata nilipokisoma.

Nilitarajia kukuta kitabu kinachosifu kutokufa. Si ndivyo tulivyodhani? Kwamba vijana wetu wanavutwa na nguvu za giza, wanataka kuwa kama yule wa koti jekundu. Kumbe mwenye koti jekundu mwenyewe amechoka. Anapigana na maadui akitafuta mmoja tu, binadamu wa kawaida mwenye pumzi na mifupa inayovunjika, atakayeweza kumuua. Kila anapokutana na mnyonya damu mwenzake anamdharau. Binadamu anayesimama mbele yake bila kukimbia ndiye anayemheshimu. Amepata kile ambacho Adamu alitaka kunyoosha mkono akichume, na anatafuta mtu wa kumwondolea.

Ndipo nikafungua Mwanzo 3. Niliihubiri sura hii labda mara thelathini, na kila mara nilisema kwamba Mungu aliweka makerubi na upanga wa moto kwa sababu ya hasira. Mtoto amekosa, anafukuzwa nyumbani, mlango unafungwa. Lakini hebu soma mstari wa 22 polepole. Mungu anasema juu ya mtu kunyoosha mkono, kula mti wa uzima, na kuishi milele. Sentensi yenyewe haijamalizika. Ni kama mzazi aliyefikiria jambo la kutisha sana akashindwa kulitamka hadi mwisho. Mstari unaofuata ameshachukua hatua, ameshawatoa nje.

Alikuwa anaogopa nini, Mungu asiyeogopa? Fikiria mtu aliyekwisha kuanguka, mwenye dhambi ndani yake, mwenye aibu, mwenye kumlaumu mke wake, na huyo mtu hafi. Kaini hafi. Farao hafi. Herode hafi. Chuki haifi, kwa maana mwenye chuki hafi. Uzima usio na mwisho ndani ya mtu aliyeharibika, huyo ndiye Alucard. Mungu aliweka upanga pale mlangoni ili tusije tukawa vile. Kifo ni adui, Paulo anasema hivyo katika 1 Wakorintho 15 na mimi sibishani na Paulo. Lakini kuna adui mwingine mbaya zaidi, na mlango ule ulifungwa kwa huruma. Ufunuo 9:6 inasema siku zinakuja ambapo watu watatafuta kifo na kifo kitawakimbia. Tumezoea kusikia hilo kama adhabu ya mwisho. Ni adhabu kweli.

Mnanifuata? Mwambie jirani yako, mlango ule ulifungwa kwa huruma.

Sasa twende kwenye damu. Sisi tuliozaliwa huku Pwani tulitishwa na mumiani. Ukichelewa kurudi nyumbani magharibi, bibi anakwambia mumiani watakukamata, wakunyonye damu ikafanywe dawa. Hadithi hizo zilikuwepo kabla hata sinema hazijafika kwetu, na Nairobi enzi za wakoloni watu waliwaogopa wazima moto kwa sababu hiyohiyo. Watu wetu walijua jambo moja bila kufundishwa na mtu, kwamba kuna watu wanaoishi kwa kuchukua uhai wa wengine. Na Mambo ya Walawi 17 iliweka sheria kwamba damu isiliwe, kwa kuwa uhai wa kiumbe umo ndani ya damu yake.

Katika kile kitabu kila mtu ambaye Alucard amemnyonya hajaondoka. Yumo ndani yake. Anapofungua nguvu zake zote wanamtoka kama mto, maelfu na maelfu, majeshi mazima pamoja na farasi wao, wote wafu, wote watumwa. Niliposoma hapo nikasema, huyu namjua! Huyu yuko Marko 5. Mtu aliyekaa makaburini, aliyeshindikana kufungwa kwa minyororo, aliyejikata kwa mawe, na alipoulizwa jina akasema wao ni jeshi. Mtu mmoja mwenye kelele za wengi ndani yake. Na Yesu hakumwinda. Watu wa mji wote walikuwa wamejaribu kumkamata wakashindwa. Yesu alivuka ziwa usiku wenye dhoruba kumfikia, na asubuhi mtu yule alikuwa amekaa, amevaa nguo, ana akili zake. Mtu mmoja, sauti moja.

Kuna msichana katika hadithi hiyo, askari polisi, anaitwa Seras. Alikuwa anakufa na Alucard akamgeuza kuwa mnyonya damu kama yeye. Lakini yeye anakataa kunywa. Siku baada ya siku wanamwekea damu mezani na anakataa, anadhoofika, kwa sababu anajua siku atakapokunywa ameacha kuwa binadamu. Anafika mahali ambapo mwenzake mmoja, askari wa kukodiwa, anakufa akimlinda. Na yule anayekufa ndiye anayemwambia achukue damu yake, kwa hiari, wapigane pamoja. Hapo ndipo anapokunywa, huku analia. Kitabu chenyewe kimejaa watu wanaonyang'anya damu, na katikati yake mmoja anatoa.

Sisemi hiyo ni injili. Hiyo si injili. Lakini aliyeichora, hata kama hakukusudia, amefika karibu na mlango ambao sisi tumesimama ndani yake tukipiga makofi bila kushangaa. Yohana 6, Yesu anawaambia watu wanywe damu yake, na wengi wakaondoka, wakasema ni neno gumu. Lilikuwa gumu kwa sababu waliijua Walawi. Mnyonya damu anachukua uhai wa wengi ili yeye mmoja asife. Bwana wetu, mmoja, alitoa wake ili wengi waishi. Haleluya!

Na nyinyi mnalijua jambo hili kwa mikono yenu. Marehemu mke wangu, Mama Mchungaji wenu, alipougua saratani ya njia ya uzazi alikuwa anapoteza damu kila mara. Hospitali ikasema tulete watu wa kuchangia. Watu 17 wa kanisa hili walikwenda wakalala kwenye kile kitanda, wakanyoosha mkono. Mmoja wenu alikuwa boda boda, alipoteza siku nzima ya kazi. Mmoja alikataliwa kwa sababu alikuwa na upungufu mwenyewe, akalia pale mapokezi. Sikuwahi kuwashukuru kwenye madhabahu hii. Nilisema tu Mungu ametenda. Leo nasema asanteni.

Sasa nifike pale nilipoogopa.

Katika kitabu kuna padri anaitwa Anderson. Ndiye adui mkubwa wa Alucard na ni binadamu, ingawa amefanyiwa mambo fulani hata vidonda vyake vinapona upesi. Kila mahali anapita akitaja Maandiko na kurusha visu. Anaweza kuwa ndiye yule binadamu ambaye Alucard amemngoja miaka yote. Wanakutana London mji ukiwaka moto, na padri anapenya lile jeshi lote la wafu mpaka anafika mbele yake. Lakini hapo anatoa msumari, wanasema ni msumari wa msalaba wa Bwana, na anataka kujichoma nao kifuani ili awe silaha ya Mungu tu, asiwe na moyo, asiwe na machozi. Na Alucard anamsihi asifanye hivyo. Yule mnyama anamsihi mtumishi wa Mungu asiache kuwa mtu! Padri hasikii. Anajichoma, anageuka kuwa kitu cha miiba, kitu kisichokufa, na mwisho anashindwa. Anapolala anakufa, Alucard analia juu yake. Naye padri anamwambia aache kulia, kwani hukuwa mnyama ili usilie tena?

Nilifunga simu pale. Nilikaa nayo mezani nikaiangalia.

Kuna kitu kingine hadithi inaonyesha kuhusu Alucard alipokuwa bado mtu, mtawala wa Wallachia, yule Vlad wa historia. Alikuwa muumini. Lakini aliamini kwamba vita ndiyo sala, kwamba akipigana vya kutosha na watu wakafa vya kutosha, Ufalme wa Mungu utalazimika kushuka. Haukushuka. Na siku ya kukatwa kichwa, badala ya kukubali kufa, akainama akanywa damu iliyomwagika chini.

Wapendwa, mimi nilikuwa mtu wa kupigana. Mke wangu alipougua nilitangaza hapa, mahali hapa ninaposimama, kwamba hatakufa. Sikusema ninaomba asife. Nilitangaza. Nikahubiri Hezekia wa Isaya 38 wiki tano mfululizo, aliyegeuza uso wake ukutani akaongezewa miaka 15, na kila mara nikaacha kuwaambia kwamba Manase, aliyekuja kujaza Yerusalemu damu, alizaliwa ndani ya miaka hiyo. Nyumbani nikaweka amri kwamba hakuna mtu wa kutaja kifo. Wageni walipokuja na sura za huzuni niliwarudisha langoni. Nilifikiri hiyo ni imani.

Usiku mmoja, kama wiki mbili kabla ya mwisho, mke wangu aliniambia, "Baba watoto, niitie watoto nizungumze nao." Nilijua anachotaka kuzungumza. Nikamwambia asikiri kifo. Nilimkemea, ndugu zangu. Nilimkemea mgonjwa mwenye kilo 41 kwa jina la Yesu, kwa sababu alitaka kuwaaga watoto wake. Akanyamaza. Hakuomba tena. Alfajiri ya Alhamisi akaenda, na mwanangu huyu wa pili alikuwa na miaka 14, amelala chumba cha pili, akiwa na ahadi yangu kwamba mama atapona.

Msibani sikulia. Mnakumbuka mlivyonisifu? Mchungaji ana nguvu, hata chozi. Nilisimama nikahubiri saa nzima. Nami nilikuwa nimejichoma ule msumari zamani, nikidhani natumika.

Yesu alilia. Yohana 11:35, andiko fupi sana, kila mtoto wa shule ya Jumapili analijua kwa sababu ni rahisi kukariri. Alilia akijua kwamba dakika chache zijazo Lazaro atatoka. Sikuwahi kuelewa kwa nini alie. Na Lazaro mwenyewe, yuko wapi leo? Alitoka kaburini akala chakula na dada zake, halafu siku nyingine ambayo haikuandikwa akafa tena kama watu wengine. Kufufuliwa kwake hakukumfanya asiyekufa. Bwana hakuja kutufanya wasiokufa wa namna ya koti jekundu. Waebrania 2:14–15 inasema alishiriki damu na nyama yetu, akaingia ndani ya kifo chenyewe, ili awaachilie wale ambao hofu ya kifo ilikuwa imewafanya watumwa maisha yao yote. Watumwa wa hofu. Nilikuwa mchungaji wenu na nilikuwa mtumwa wa hofu, na niliiita imani.

Msinielewe vibaya. Mungu anaponya. Dada yetu yuko pale kwenye kwaya, mlimwombea, daktari wakashangaa, leo anaimba sauti ya kwanza. Jumatano tutaomba tena kwa ajili ya wagonjwa na tutaomba kwa nguvu, tutafunga. Lakini mgonjwa akisema, niitieni watoto, waite watoto. Yakobo katika Mwanzo 49 aliwaita wanawe wote, akamwambia kila mmoja neno lake, mengine matamu na mengine machungu, akaagiza wamzike wapi, ndipo akaikunja miguu yake kitandani. Hakuna aliyemkemea. Huyo ni mzee wa imani, ameandikwa Waebrania 11 kwa sababu ya kitanda hichohicho cha kufa.

Nilimwuliza mwanangu kwenye baraza, kwa nini kitabu hicho. Kuna vitabu vingi, kwa nini hicho. Akaniambia, "Baba, hicho ndicho kitu cha kwanza kuniambia kwamba kufa si kushindwa. Nyumbani kwetu mama alishindwa." Akasema baada ya matanga aliwaza kwamba labda mama alikosa imani, au yeye mwenyewe alikuwa na dhambi iliyozuia. Mtoto wa miaka 14. Nani alimfundisha hivyo? Nilimfundisha mimi, wiki tano mfululizo.

Nilimwomba msamaha. Sikuwa na maneno mazuri, nyinyi mnajua ninavyopenda maneno. Nilisema nilikosea juu ya mama na nikakosea juu ya vitabu. Hakusema amenisamehe. Aliuliza kama bado kuna chai.

Mwisho wa kile kitabu Alucard anatoweka kabisa, miaka 30. Katika miaka hiyo alikuwa anawaua mmoja mmoja wale wote aliowabeba ndani yake, akiwaachilia, mpaka karibu wote wakaisha. Anaporudi Integra amekuwa mwanamke mzee mwenye jicho moja na makunyanzi. Anamwambia amezeeka. Naye yule asiyezeeka anamwangalia kwa heshima, kana kwamba yale makunyanzi ndiyo taji. Nikakumbuka ule uso wenye amani katika kitabu cha 1897. Waandishi wawili, mmoja Muairishi na mmoja Mjapani, zaidi ya miaka 100 katikati yao, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumpa mnyonya damu wake furaha.

Niongeze moja tu, halafu wahudumu wapite na sadaka.

Juma lililofuata Pasaka nilimpigia simu shemeji yangu, dada yake mke wangu, anayekaa Voi. Ndiye aliyekuwa akimwogesha zile wiki za mwisho. Nilimwuliza kama marehemu alikuwa amesema lolote. Akanyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Shemeji, ulikataza." Kumbe mke wangu aliongea. Usiku, mimi nikiwa kwenye maombi sebuleni, aliongea na dada yake, akampa neno la kila mtoto. Na dada yake akalibeba miaka saba kwa sababu ya amri yangu.

Wasichana wangu wameshaenda. Wa kwanza alirudi na kitambaa cha kichwa cha mama yake, na kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi. Kijana alikwenda mwezi uliopita. Alishuka gari moshi pale Voi asubuhi, akakaa na mama yake mdogo mpaka jioni, akapanda la kurudi Nairobi. Usiku alinitumia ujumbe kwamba amefika salama. Neno aliloachiwa hajaniambia, nami sijamwuliza.